Nilivyowasema Wakanada

Wasomaji wangu, hadi leo naona haya. Nasuka nywele kwenye saluni moja pale Isipingo. Wiki iliyopita aliingia mama mmoja mwenye sauti kubwa na Kiingereza cha puani, akasema anataka nimsuke mimi, si mwingine. Nikaamua moyoni: huyu ni Mmarekani.

Nikakumbuka utoto wetu Bukavu. Mimi nilijifanya Mmarekani wa kujigamba, dada yangu mkubwa, yaya Neema, akawa Mkanada mpole, tukabishana nchi ipi ni bora mpaka mama atuite kula bugali. Baadaye Neema alihamia Kanada kweli. Miaka tisa sasa sijamwona.

Basi nikataka kumfurahisha mteja. "Wakanada ni baridi kama nchi yao," nikamwambia. "Wanaomba msamaha hata kwa kiti! Wanatamani tu kuwa kama ninyi."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mimi ni Mkanada, dada. Neema ni jirani yangu. Amenituma nikusalimie."

Eish! Kabla sijamaliza msuko nilioushika, alikuwa ameshampigia yaya wangu simu, anamsimulia yote, neno kwa neno.