Kiti cha Mpiga Dramu

Siku ya kumaliza matanga, hapa Milanzi, tulikuwepo majirani, mimi, wanangu wawili wapiga gitaa, na dada yangu wa Chala, aliyefiwa na mwanawe mpiga dramu. Vijana hao watatu walianzisha bendi wakati soko huria lilipoleta kanda za nje, muziki wa kasi na kelele, wao wakiuita metali. Majirani waliniuliza, “Mama, wanaimba au wanagombana?”

Pombe ya ulezi ilipokwisha kugawiwa, wanangu wakapiga wimbo wao, kiti cha dramu kikiwa kitupu. Dada akasema, “Punguzeni mwendo, wanangu. Mwenzenu hawafikii.”

Wakapunguza, wakapunguza, mpaka wakanyamaza. Bendi ikaishia hapo.

Nadhani mkubwa ndiye aliyenyamaza kwanza. Mliokuwepo, kama nimekosea, nisahihisheni.