Mke Mwenza Aliyerudi na Gamba

Enzi zetu kobe hakuhitaji bango. Alikuwepo tu, kama kunguni na mwalimu wa zamu. Tulikulia kando ya ziwa, karibu na Kendu Bay, na tulipokwenda kuteka maji asubuhi tuliwakuta kobe wa maji wamejipanga juu ya magogo wakiota jua, shingo wamezinyoosha, macho wameyafumba kama wazee kanisani mahubiri yakirefuka. Ukikohoa tu, wote wanajitupa majini. Leo kuna watu wanaolipa kiingilio ili waambiwe kwamba hapa zamani palikuwa na kobe.

Ninyi wa rika langu mnajua tulivyoishi. Mpira wa karatasi za nailoni, mahindi na maharage ya kuchemsha, nyoyo kwa Kijaluo, yamepoa mfukoni, nyayo zilizopasuka, na kiboko kilichotungoja shuleni kwa makosa tuliyofanya nyumbani. Watoto wangu, wanaokulia Migori mjini, hulia mtandao ukipotea. Sisi tulilia kwa njaa, na hata hapo tuliambiwa tunyamaze, wageni watasikia.

Basi msimu mmoja wa masika, kaka yangu Ochieng' alimkuta kobe mkubwa mweusi akivuka barabara, akamleta nyumbani. Tulimficha chini ya kitanda cha Dani, nyanya yetu aliyetulea, tukampa majani, kwa sababu kobe wote wa kwenye hadithi hula majani. Hakula. Tukampa ugali, akaudharau. Tulipomgusa alikunja shingo ubavuni kama mtu aliyenuna, akafunga kabisa mlango wake wa mbele, maana kobe hawa wana bawaba tumboni, kisha akatoa harufu iliyomfanya Dani aingie na jembe akitafuta panya aliyekufa.

Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kukoma na kukataa kunyonya, majina ya marehemu wa ukoo huitwa moja baada ya jingine, mpaka anyamaze kwa lile analolitaka. Sasa sisi, wasomi wa darasa la nne, tukaona huyu kobe ana shida hiyohiyo. Tukamtoa uani, Ochieng' akampakata kando ya beseni ambamo Dani alikuwa ameloweka omena, dagaa wa ziwa letu, mimi nikaanza kuita wafu. Babu. Kimya. Shangazi wa Rusinga. Kimya. Mjomba aliyezama. Kimya. Mikono ya Ochieng' ikachoka, na wakati uleule niliposema "Akelo", kobe akamponyoka, akatumbukia kwenye beseni. Akafungua mlango, akatoa shingo, akazishambulia zile omena kama mtu aliyetoka kifungoni.

Leo najua kwamba kobe wa maji humeza akiwa majini, na kwamba hata ningemwita mkuu wa wilaya angekula tu. Siku ile hakuna aliyejua. Tulimkimbilia Dani tukipiga kelele, "Dani, ni Akelo! Akelo amerudi!"

Akelo alikuwa mke mwenza wake, aliyekufa kabla hatujazaliwa. Waligombana maisha yao yote katika boma moja. Akelo hakujaliwa mtoto, na Dani, mama wa watoto saba, hakuiacha siku ipite bila kumkumbusha. Akelo akafa hivyohivyo, akiwa na jibu moyoni.

Dani aliinamia beseni, jembe mkononi, akanusa.

"Hata harufu ni yake," akasema, akaenda kuleta omena zaidi.

Kuanzia hapo kobe alitunzwa kuliko sisi. Maji yake yalibadilishwa kila asubuhi. Tulipoona anahangaika kupanda ukingo kila jua likitoka, Dani alimwekea jiwe la kuotea. Tulimwokotea konokono na viluwiluwi, na nilichapwa kwa kumcheleweshea Akelo chakula ilhali mimi mwenyewe sijala. Jioni Dani alikaa karibu naye akimsemesha, mwanzoni matusi, baadaye habari za kawaida: mtama umeshikaje, nani ameolewa wapi. Halafu asubuhi moja akatutangazia kwamba mke wa mtu hakai kwenye beseni. Tukaandamana naye hadi kwenye mafunjo, akamweka majini kwa mikono miwili.

"Nenda kwako, nyieka," akasema, neno ambalo wake wenza wa Kijaluo huitana wakiwa na amani. Sikuwahi kumsikia akilitumia.

Masika yaliyofuata, kobe mweusi alitoka ziwani, akapanda hadi pembeni mwa shamba letu la mtama, akachimba kwa miguu ya nyuma na kutaga. Kama ni yuleyule sijui; kobe hawabebi kitambulisho. Dani hakuwa na shaka. "Akelo amezaa," alisema, kisha akaketi kwenye tope na kulia hadi tukaogopa. Alizungushia pale miiba, kwa sababu kenge hufukua mayai usiku mmoja akayamaliza. Jembe lilipigwa marufuku kwenye ile kona. Tuliiita Kwa Akelo, na mvua baada ya mvua tuliona vitoto vikifumuka udongoni na kukimbilia ziwa, vidogo kama vifuniko vya soda.

Dani naye alishaondoka duniani. Shamba ni la Ochieng', na palipokuwa na mtama pana nyumba ya wageni. Mafunjo yamechomwa ili ziwa lionekane. Magogo yameondolewa kwa sababu ni uchafu. Kobe wengi wamefia kwenye nyavu za nailoni, maana ni wanyama wa kupumua hewa na wavu hauwangoji wapande kuvuta pumzi. Ila getini kuna kobe wa simiti, amepakwa rangi ya kijani na kuvalishwa miwani, na bango linaloomba tuwahifadhi.

Masika haya nilikwenda kumtembelea Ochieng'. Nikamkuta kobe mweusi chini ya ukuta mpya wa upande wa ziwa, akiukwaruza, akienda kulia, akirudi kushoto. Kona yake ilikuwa ng'ambo ya mawe.

"Ochieng', toboa hapa chini kidogo tu," nikamsihi.

"Sister, nitoboe perimeter wall juu ya opuk, kobe tu?" Akacheka. "Nyoka zikiingia kwa wageni je? Na si tumemjengea statue?"

"Ni Akelo."

Kicheko kikakatika. Akaangalia pembeni, ndugu yangu aliyempakata kwa mikono yake, kisha simu yake ikalia na akaenda kuipokea.

Akelo alitaga palepale, kwenye kipande chembamba cha mchanga kati ya ukuta na maji, ambapo mtu yeyote hupita na kenge hupita kabla yake. Nimeleta miiba. Nimeomba kiti cha plastiki na fimbo, na Migori wameambiwa nitachelewa.

Jana binti mmoja mgeni, aliyetoka kupiga picha na yule mwenye miwani, alitokea kwenye mlango mdogo wa ukutani akanishangaa.

"Mathe, kwani unangoja nani hapa nje?"

"Mke mwenza wa nyanya yangu amejifungua," nikamwambia. "Wamemfungia nje ya boma lake."