Sauti Hazifutwi

Pale redioni hakuna anayemwita kwa jina lake. Watangazaji humwita Shangazi, na akiwapa kisogo humwita Bi Hapana. Analijua hilo jina la pili, na analipenda kuliko la kwanza. Aliingia kituoni akiwa msichana wa mapokezi, akajifunza kukata na kuunga kanda za kaseti. Kanda zilipopitwa na wakati akajifunza kompyuta, na kompyuta zilipohamia mtandaoni akajifunza Linux, mfumo unaoendesha seva, kwa kuuliza, kukosea na kuuliza tena. Mumewe hudai kwamba hata posa aliikubali kwa kubisha.

Asubuhi hiyo seva ilijaa pomoni. Seva yenyewe haishikiki. Ni ya kukodi, imetengwa ndani ya mashine kubwa ya kampuni fulani ya mbali, na humo ndimo rekodi zote za kituo zinamokaa. Kipindi cha asubuhi kilikwenda hewani bila kurekodiwa hata neno. Bosi, kijana mtanashati aliyeletwa kukinyoosha kituo, aliagiza kampuni iongeze diski. Kampuni ikajibu kwamba imeshaongeza. Seva ikazidi kulia kwamba imejaa.

"Wametupiga changa la macho," bosi alisema akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo. "Mama, futa vipindi vya zamani, vile vya simu za wasikilizaji. Kabla ya taarifa ya mchana nataka pawe peupe."

"Sifuti."

"Sasa nani anasikiliza simu za miaka ile?"

"Waliopiga. Na watoto wao." Majuzi tu mtu mzima alikuja kuomba sauti ya marehemu mama yake, akaondoka na simu sikioni huku anapenga kamasi. "Wengine wamebaki humo tu, bosi. Hawana hata picha."

"Basi nitamwita mtu mwingine aje afute."

"Mwite. Mpaka afike nitakuwa nimemaliza."

Akavuta kiti, akaingia kwenye seva. Kumbe kampuni haikudanganya. Diski ilikuwa imekua kweli. Tatizo ni kwamba nafasi mpya ilikaa mwisho kabisa, na kati yake na sehemu ya rekodi palikuwa na kipande kidogo ambacho seva hukitumia kama kumbukumbu ya akiba inapozidiwa na kazi. Ni kama mtu aliyenunua kiwanja cha jirani, halafu choo chake mwenyewe kikawa kimesimama katikati. Na choo kile alikijenga nani? Yeye, siku alipoisimika seva ile. Alijitukana kidogo, akacheka, akakibomoa kile kipande.

Kazi ya hatari ilibaki. Kuirefusha sehemu ya rekodi kulitaka afute mipaka yake, kisha aichore upya ikianzia pale pale ilipoanzia. Yaliyomo hayaguswi, mradi mwanzo usisogee. Ukisogea, kwaheri. Na nakala ya akiba haikuwepo, maana bosi aliisitisha ili kubana matumizi, na Shangazi alibisha siku ile mpaka sauti ikamkauka.

Akafuta mipaka. Bosi, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akaruka.

"Mama! Si umesema hufuti?"

"Nafuta mipaka. Watu wako ndani."

"Lakini imeandika imefutwa!"

"Bosi, ama ukae kimya ama ukae nje."

Bosi akarudi nyuma hatua moja. Shangazi naye aliogopa, tena sana. Akaandika namba ya mwanzo, akailinganisha na ile ya zamani tarakimu kwa tarakimu. Seva ikauliza: nimeona alama ya zamani hapa, niiondoe? Bila alama ile seva isingezitambua tena rekodi. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa mazoea ya kukubali kila wanachoulizwa na mashine. Yeye hakuwa na mazoea hayo. Akabonyeza Hapana mpaka meza ikatikisika.

Akahifadhi mabadiliko, akaiwasha seva upya. Ikanyamaza. Bosi akajishika kichwa. Shangazi akaitazama skrini tupu, akijua kwamba zikipotea hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Seva ikarudi. Akatoa amri ya mwisho, ile ya kuziambia rekodi zijinyooshe mpaka kwenye mpaka mpya, na zaidi ya nusu ya diski ikasomeka tupu. Hakuridhika. Akafungua rekodi moja ya zamani. Mwanamume akakohoa, akauliza kwa wasiwasi kama anasikika.

"Unasikika, kaka," Shangazi akamjibu.

Bosi akarekebisha tai yake. "Sawa, kazi nzuri. Lakini umekaidi agizo langu, mama, na hilo siwezi kulifumbia macho. Nitahitaji barua ya kujieleza."

"Nitaiandika leo leo," Shangazi akasema. "Na nakala yake nitaiweka humu humu kwenye seva. Nafasi ipo."