Walibishana Juu ya Mwili Wangu Nikiwa Nasikia

Ejok, hamjambo ndugu zangu. Naitwa Akiru. Mimi ni mzima, nakula, natembea, hata kucheka nacheka. Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi wakisikia habari zangu huniangalia kama mtu aliyetoka makaburini, na wengine huniangalia kama muuaji. Nitasema yote kama yalivyokuwa, na ninyi mtaamua mtakavyo. Mimi nilishazoea watu kuamua.

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha watoto wa chekechea mjini Kakuma. Mume wangu Ekai alikuwa karani katika ghala la chakula. Tulikuwa na binti mmoja, Asekon, mtoto wa maswali mengi. Nilikuwa na nguvu. Nilibeba mtungi wa maji kichwani na mtoto mgongoni, na bado nilifika darasani nikiimba. Mimba ya pili ilichelewa mpaka mashangazi wa Ekai wakawa wananiuliza kama nimefunga duka. Ilipoingia nilifurahi sana. Nawaomba mshike hilo kabla ya mengine: huyu mtoto nilimtaka.

Mwezi wa tano wa mimba, miguu ilianza kuvimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kila mtu alinipa sababu yake. Ni joto. Ni kusimama darasani. Ni mtoto wa kiume, wavulana ni wazito. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa kutoka kambi ya wakimbizi aliyekuwa akiuza mandazi karibu na shule, ndiye peke yake hakucheka.

"Mama Asekon, iyi miguu haiko ya mimba tu," aliniambia. "Ata uso umevimba. Enda ku hospitali."

Miguu haikunitia wasiwasi. Kichwa ndicho kilichonitia wasiwasi. Kilianza kuuma kisogoni, kikahamia nyuma ya macho, wala dawa za duka hazikukigusa. Nikawa naona vimulimuli mchana kweupe. Kisha maumivu yakashika chini ya mbavu za kulia, nikatapika kila nilichokula. Mkojo ulikuwa matone tu, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Asubuhi moja Asekon alinitazama usoni akakataa kuja kwangu. Uso ulikuwa umevimba hata mwanangu hakunijua.

Pale zahanati ya Kakuma tabibu alinipima presha. Akatafuta mashine nyingine akapima tena, maana aliona ya kwanza imeharibika. Haikuwa imeharibika. Aliniweka kwenye gari la wagonjwa saa hiyo hiyo, twende hospitali ya Lodwar. Barabara ile mnaijua. Kila shimo lilinipiga kichwani, na Ekai alikuwa ameketi karibu yangu akimpigia simu ami yake.

Huyu ami yake, Mzee Lokuruka, ndiye aliyemlea Ekai na ndiye aliyetoa mifugo nilipoolewa. Anaishi Lodwar. Ekai hanunui hata kiatu bila kumuuliza. Nilikuwa nalijua hilo nilipoolewa naye, ila sikujua kwamba siku moja ningekuwa mimi ndiye kiatu.

Daktari wa Lodwar alikuwa kijana aliyetoka Kenya. Ndivyo tunavyosema sisi Waturkana, kana kwamba ukivuka Kainuk, mpakani mwa Turkana, ndipo nchi inapoanza. Alinipima, akachukua damu, akarudi akaketi pembeni ya kitanda.

"Mama, ugonjwa huu unaletwa na mimba yenyewe," alisema. "Ini linaumia, figo zinaumia. Dawa za presha zinashusha kidogo tu. Tiba yenyewe ni mimba itoke."

"Na mtoto?"

"Moyo wake unapiga. Lakini ni wa miezi mitano na nusu, hajakomaa. Akitoka leo hataishi. Tukingoja afike miezi saba, wewe hutafika naye."

Niligeukia ukuta nikalia. Sikuwa na wakati wa kulia vizuri, kwa sababu adhuhuri ile Mzee Lokuruka aliingia wodini na mchungaji wa kanisa lao. Hapo ndipo kesi ilipoanza, na mimi ndiye niliyekuwa mahakama, maana walisimama kunizunguka na kitanda changu kikawa meza yao.

"Daktari, huyo ni mtu," mchungaji alisema. "Amepewa uhai na Mungu. Kuna akina mama wengi waliambiwa maneno hayo hayo, wakangoja kwa imani, wakazaa salama. Wanashuhudia kanisani."

"Na kuna waliozikwa, mchungaji," daktari alijibu. "Hao hawaji kushuhudia."

"Ni kutoa mimba. Sheria inakataa."

"Sheria inakataa, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Iko ndani ya Katiba."

Mzee Lokuruka aligonga fimbo yake sakafuni. "Katiba ni ya Nairobi. Hii ni Lodwar. Mtoto ni ya ukoo yetu. Hakuna mtu atatoa yeye."

Daktari akamgeukia Ekai. Ekai akatazama ndala zake. Muuguzi wa zamu, Mkisii aitwaye Moraa, alikuwa akinibadilishia dripu. Naye akasema, kwa upole, "Daktari, dawa ya presha nitampa. Nitamwosha, nitamlisha. Lakini hiyo ya kutoa mtoto, mkono wangu hautaishika. Dhamiri yangu inakataa." Daktari akamwambia haidhuru, ataiweka mwenyewe.

Wote hao walikuwa wanaongea, na mimi nilikuwa macho. Nilikuwa nasikia kila neno. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini pale waliojua zaidi walikuwa ni waliosimama. Nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Kisha mkono wangu wa kushoto ukaanza kutikisika wenyewe, na baada ya hapo sijui.

Kilikuwa kifafa cha mimba. Waliniambia baadaye kwamba nilijipinda, macho yakageuka, povu likatoka. Nilipozinduka mdomo ulikuwa umejaa damu, kwa sababu nilikuwa nimejiuma ulimi. Nilifungua macho nikaona giza. Nikayafumba, nikafungua tena. Giza lile lile, na joto la saa nane mchana lilikuwa linanichoma usoni kutoka dirishani. Nikajua macho yangu yamezima.

Katika giza lile nikasikia sauti ya mchungaji. "Tuombe, halafu tungoje mpaka kesho tuone." Baada ya yote hayo, kesho!

Ndipo Ekai alipofanya jambo la kwanza la maana siku ile. Alimpigia simu baba yangu, anayechunga mbuzi kule Kataboi, akaiweka simu kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Baba aliuliza, akaelezwa. Kisha akasema kwa Kiturkana:

"Mbuzi akishindwa kuzaa, mchungaji mwenye akili humwokoa mbuzi. Tangu nimeanza kuwasikiliza mnasema mtoto, mtoto. Huyo Akiru ni mtoto wa nani?"

Hata mimi niliwekwa pamoja na mbuzi, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa mbuzi wa mtu fulani. Nilimpenda baba yangu siku ile kuliko siku zote.

Daktari akainama karibu na sikio langu. Nilisikia pumzi yake. "Akiru, hawa wote nimewasikia. Wewe unasemaje?"

Ndugu zangu, mtoto alicheza tumboni wakati ule ule. Sitawaficha. Alinipiga teke chini ya kitovu, na mimi nikasema, "Nataka kuishi."

Nilisema kwa mdomo uliojaa damu, lakini walisikia. Nilitia kidole kwenye wino, mimi mwalimu ninayefundisha watoto kuandika majina yao, kwa sababu sikuiona karatasi ya kukubali matibabu. Mzee Lokuruka akatoka na fimbo yake. Mchungaji akamfuata, na alipopita akasema nitajibu mbele za Mungu. Nitajibu. Ninayo pia maswali ya kuuliza.

Uchungu ulikuwa uchungu wa kuzaa kabisa, haukupungua kwa sababu mtoto ni mdogo. Alitoka mvulana. Moraa ndiye aliyempokea. Nilimsikia akishusha pumzi, kisha akamfunga kitambaa na kumlaza kifuani pangu. Alikuwa mwepesi mno. "Anapumua, mama," aliniambia. "Mshike." Kwa kuwa sikuona, alichukua kidole changu akakipitisha juu ya vidole vya mtoto, kimoja kimoja, akakipitisha masikioni, akakipitisha puani. Ndivyo nilivyomwona mwanangu. Alipumua muda mfupi, akaacha. Moraa alilia kuliko mimi. Alikataa dawa, lakini mimi hakunikataa, na haki yake nampa.

Siku ya tatu maziwa yaliingia. Matiti yakawa magumu, yakavuja mpaka kwenye shuka, hayakuwa na habari kwamba hakuna wa kunyonya. Hilo hakuna aliyenionya.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma mpaka leo, kuliko kifafa, kuliko giza. Ekai alikwenda kwa Mzee Lokuruka kuomba mahali pa kumzika mtoto kwenye boma lao. Mzee alikumbuka mila ghafla. Kwetu, mahari isipokwisha, watoto huhesabiwa kwa baba wa mwanamke, na mahari yangu ilikuwa haijaisha. "Huyo ni ya kina Akiru," alimwambia. "Zika kwao." Ekai akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akasema kanisa halina ibada ya mimba iliyoharibika.

Mnasikia? Juzi alikuwa mtu. Juzi alikuwa wa ukoo wao. Alipokuwa ndani ya tumbo langu wote walikuwa ndugu zake, na alipotoka akiwa mdogo, amekufa, hakupata hata mmoja. Baba yangu alipanda lori la samaki akaja. Yeye na Ekai walichimba kando ya lagga, ule mto mkavu, nje ya mji, wakapanga mawe juu ili fisi wasimfukue. Nilimpa jina. Jina hilo ni langu na lake, sitalitaja hapa.

Macho yalirudi polepole. Kwanza mwanga wa dirisha, kisha vivuli vya watu, kisha siku moja nikaona rangi ya blauzi ya Moraa. Figo zilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2013 ulianza nikiwa bado nameza dawa na kupumzika njiani nikitembea kutoka nyumbani hadi bombani. Katikati ya mwaka nilirudi darasani. Watoto waliimba vibaya vile vile. Ekai bado ni mume wangu. Simsifu, lakini siku hizi ananiuliza mimi kwanza, na akisahau namkumbusha.

Mwaka huo huo mchungaji yule alikuja Kakuma kwenye mkutano wa injili. Alinifuata akiwa na tabasamu, akaomba nisimame nishuhudie nguvu za maombi. "Ile habari nyingine huna haja ya kuitaja," alisema. "Sema tu mimba iliharibika." Nilimwambia ushuhuda wangu hauna mlango wa nyuma. Akamwita mtu mwingine, na ndiyo maana nawasimulia ninyi hapa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kwa daktari aliyeniuliza, kwa Moraa, kwa Mama Furaha aliyeona uso wangu kabla yangu, na kwa baba. Dada zangu wenye mimba, miguu ikivimba pamoja na uso, kichwa kikikataa kupoa, macho yakiona vimulimuli, msingoje kuambiwa ni mvulana. Nendeni mkapimwe presha. Na mseme mnalotaka mapema, mdomo ungali unasema, mbele ya mume na mbele ya daktari. Mwingine angechagua kungoja, na mimi simlaumu, mradi awe amechagua yeye.

Na ninyi mnaopenda kusimama kwenye vitanda vya wagonjwa mkibishana, sijawakataza kuamini mnachoamini. Lakini ukisema aliye tumboni ni mtu, basi siku ya kumzika uje na jembe.