Taa ya Gari la Shangazi Yenu

Ninyi wajukuu mnaosoma haraka, hii isomeni polepole. Mnamcheka shangazi yenu kwa gari lake la milango miwili, na mnamcheka baba yenu kwa mkokoteni wake. Mwaka jana vitu hivyo viwili vilitaka kututolea maksai zizini, na nyumbani hapakuwa na mwizi wala mlevi. Nimesikia mmeanza kuisimulia kwa kuongeza chumvi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Gari mnalijua. Jekundu, limelala chini kama kenge. Shangazi yenu alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Bariadi, na lilikuwa limeshazeeka tayari. Nilimwambia, "Huku kwetu ni mbuga. Mvua ikinyesha hata punda anazama." Akanijibu, "Mayu, mama yangu, niache na mimi nipende kitu kimoja." Ni muuguzi, anaamka kwenda kazini, hamsumbui mtu, na mume aliyekuwa naye mnamjua alivyokuwa. Nikamwacha apende.

Ilianza na taa. Alikuwa anatoka Lamadi na samaki, taa ya injini ikawaka, ile ya njano. Gari nalo likaanza kumisi, yaani ukikanyaga mafuta linakohoa na kurukaruka badala ya kwenda. Jumapili nilipanda twende kanisani, nikaona mbele ya usukani amebandika plasta ya hospitali.

"Hii ni ya nini?"

"Taa inaniumiza macho, mayu."

"Na mgonjwa akilia wodini unambandika plasta mdomoni?"

Alicheka, lakini hakuibandua.

Tukaenda gereji. Fundi alikuwa kijana, akachomeka kimashine chini ya usukani, akasoma, akasema masega yamekufa. Masega ni kile kitu kilicho ndani ya ekzosi, kina vitundu kama sega la nyuki, na kazi yake ni kusafisha moshi. Akasema atayakata, aunganishe bomba tupu, na ile balbu ya taa aing'oe isituudhi tena. Bure.

"Bure kwa nini?" nikamuuliza.

"Bibi, namsaidia tu dada hapa."

"Na masega yenyewe utayapeleka wapi?"

"Si takataka hizo?"

Sisi Wasukuma tuna kubilisa. Ukimpa mtu ng'ombe wako akufugie, ng'ombe akifa anakuletea ngozi uione. Nikamwambia, "Kata, lakini ngozi narudi nayo mimi." Akaanza kujikuna kichwa, na ile bure ikageuka kazi ngumu ya siku nzima. Nikajua masega yana soko. Tena gari lile linalala karibu na jiko langu, na moshi usiosafishwa sitaki ule ugali kabla yetu. Tukaondoka.

Fundi wa pili ni mtu mzima, gereji yake iko njia ya kwenda Maswa. Naye alichomeka mashine yake, lakini hakuwa na haraka.

"Kuna namba mbili hapa," akasema. "Moja inalalamikia masega. Ya pili inasema silinda ya tatu haichomi vizuri. Ila namba inakuonyesha panapouma tu, haikwambii nani kapiga."

Akafungua plagi ya silinda hiyo, ikatoka nyeusi, imelowa. Akamuuliza shangazi yenu, "Oili mnaongeza?"

"Tunaongeza sana. Dumu zima limekwisha tangu pamba ianze kuuzwa."

Fundi akaguna. Akasema basi ringi za pistoni zimekwisha, injini inakula oili, oili inachafua plagi, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega. Kubadilisha masega peke yake ni kumvisha shati jipya mtu mwenye jipu. Kuifungua injini kunawezekana, lakini kwa gari la namna hiyo spea ni za kutafutwa Dar, na ukishaifungua hujui utakuta nini kingine. Yeye angeshauri injini nyingine, ya mtumba, ikiwa nzima. Au kuliuza gari lilivyo.

Shangazi yenu hakumtazama fundi. Alinitazama mimi, nami nikajua anachowaza.

Wale maksai wawili walizaliwa na ng'ombe aliyemnunua kwa mshahara wake wa kwanza. Kwa haki ni wake. Lakini aliyewafundisha kuvuta jembe ni baba yenu, na sare zenu na chakula chenu vinatoka kwenye shamba wanalolima. Mvua zilikuwa zimekaribia. Maksai wakienda mnadani, tungelima kwa mkono, na kwa mkono mimi najua tunafika wapi.

Tulipokuwa tunakula, shangazi yenu akasema anataka maksai wauzwe, anunue injini. Baba yenu alitafuna mpaka akamaliza.

"Maksai ni wako. Wachukue," akasema. "Ila mwaka huu jembe utanivutia kwa hilo jekundu lako."

"Litavuta, kaka."

"Litavuta moshi."

Tulicheka, lakini samaki walibaki kwenye sahani. Mimi sikuamua. Nikasema tusubiri siku ya mnada.

Siku ya mnada asubuhi nilikuwa napepeta mchele uani. Maksai walikuwa waende mnadani mchana, kwani hakuna aliyepata njia nyingine, na baba yenu alitaka kwanza wamalize kubeba samadi iliyobaki. Nikaona kivuli cha pembe kwenye ungo wangu kabla sijasikia kitu. Nikageuka, mkokoteni huu hapa nyuma yangu. Mkokoteni ule zamani ulikuwa unalia kama nguruwe anayechinjwa, ukitoka kisimani nilikuwa najua niinjike sufuria.

"Simama," nikamwambia baba yenu. "Huu umeacha kulia lini?"

"Siku nyingi, mayu. Naupaka mafuta kwenye ekseli."

"Mafuta gani?"

"Yale ya dumu la stoo."

"Dumu la gari?"

"Si aliniambia nilikague gari niliongeze oili? Nalikagua kila Jumamosi. Sasa nikikuta limejaa, niuache mkokoteni unalia na mafuta ninayo mkononi? Nimebeba pamba yote nao kwenda kwenye chama cha ushirika."

Shangazi yenu alikuwa ametoka ndani na sare ya kazi. "Kaka, ndani ya injini umetia mara ngapi?"

"Mara moja. Labda mbili. Halinywi sana hilo."

Akakaa chini kwenye vumbi na sare yake nyeupe. "Mimi nimemwambia fundi limekunywa dumu zima!"

"Aliyekunywa ni huyu," baba yenu akasema, akapiga gurudumu la mkokoteni teke.

Wao walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaangalia wale maksai, wamesimama wametulia, karibu wauzwe kwa mafuta yaliyopakwa mkokoteni wanaouvuta wenyewe. Nikasema wafunguliwe warudi zizini, twende kwa fundi.

Fundi alisikiliza, akavua kofia. "Nilihukumu kwa maneno ya nyumbani," akasema. Akajaza oili mpaka kwenye alama, akamwambia shangazi yenu aendelee na safari zake kama kawaida, dumu lisiguswe na mtu. Shangazi yenu akaenda Malampaka, akaenda Kiloleli, akarudi. Kijiti cha oili kilikuwa kimeshuka kidogo tu, kama gari lolote la umri ule.

Ndipo fundi akachukua koili ya silinda ya tatu, kile kinachoipa plagi moto, akaihamishia ya kwanza, akasoma tena. Kumisi kukahamia silinda ya kwanza. Ilikuwa koili, imekufa. Nyingine ikaletwa kutoka Mwanza, plagi zikabadilishwa, gari likatulia. Lakini alituambia wazi kwamba masega yameungua kwa ile petroli, kwa hiyo taa itazima, halafu siku moja itarudi na namba moja badala ya mbili. Gari litatembea hivyo hivyo mpaka tupate masega mengine. Injini nayo imezeeka, ipo siku itafunguliwa.

"Siku hiyo ni leo?" nikamuuliza.

"Si leo, bibi."

Mvua ilipoanza, maksai walilima. Taa ikarudi tukiwa katikati ya kupanda, nikamwona shangazi yenu anatafuta plasta kwenye mkoba. Nikawaita wote uani, yeye na baba yenu. Nikasema: plasta itupwe, taa iwake tuione. Dumu la gari likae chumbani kwangu, na anayelitaka aje aseme linakwenda wapi. Mkokoteni ununuliwe grisi yake. Na maksai wasifunguliwe kwenda mnadani kabla sijawauliza wao wote wawili, wakiwa wamesimama mbele yangu.