Matundu kwenye Shuka la Kulthumu

Kulthumu alikuwa fundi wa kushona kule Cimpunda, mjini Bukavu, juu ya njia inayoshuka sokoni Kadutu. Watu walimjua kwa nguo za harusi na sare za shule. Tabia yake nyingine waliijua wachache: vipande vya kitenge vilivyobaki hakuvitupa. Alivipanga juu ya shuka kuukuu na kuvishona hadi vikawa watu, nyumba, kuku, mvua. Mume wake, Kassim, aliuita huo mchezo wa vitambaa, ila mara kwa mara alimletea kitenge cha rangi ambayo hakuwa nayo.

Mji ulipochukuliwa na waasi, mwanzoni mwa mwaka, wateja walipotea. Kulthumu alifunga mlango, akabaki akichungulia kwenye ufa. Aliona watu wakipita na magodoro kichwani, na mabeseni, na watoto mgongoni, wakielekea upande wa Kamanyola. Halafu wakapita wengine, wenye bunduki. Wiki zile hakuwa na kazi nyingine ya mikono. Alichukua shuka kubwa la bluu iliyokolea, akashona yote aliyoyaona. Watu wa magodoro aliwatengeneza kwa vitenge vya maua. Pembeni kulia aliweka wanaume watatu, na bunduki zao akazishona kwa uzi mweusi mnene, kwa sindano ile ya kushonea magunia.

Mwalimu mmoja wa kuchora, Larissa, alikuja kupunguziwa gauni, akaliona shuka limetandikwa kitandani. Alikaa chini kulitazama. Kila kiangazi Larissa alifungua nyumba ya wazazi wake kule Muhumba, na wasanii wa Bukavu walitundika humo kazi zao za mwaka. Kwa watu wengi hayo ndiyo yalikuwa maonyesho pekee ya kutazamia.

"Maman Kulthumu, hii itaingia ku maonyesho," alisema. "Zagabe ataleta sura zake za batu, zile anatengeneza na simu zilikufa. Ariane ataleta mapicha ya muto Ruzizi. Lakini hii nitaiweka mu salon, kwenye kila mutu anaingia."

Kulthumu alikubali kwa sababu alifurahi. Woga ulikuja baadaye, Larissa alipokwisha kuondoka.

Kassim aliporudi kutoka sokoni na kusikia habari, hakupandisha sauti. Alifunga mlango kwanza.

"Batu bale batakuja," alisema. "Kila mahali kwenye batu banakusanyika, banakuja kuangalia. Bataona ile bunduki, bataulizia nani alishona. Utajibu nini?"

"Nitasema ni kitambaa tu."

"Toa bunduki, mama. Tafazali."

Basi Kulthumu akachukua wembe, akafumua. Uzi wote mweusi aliutia kwenye mbabula, jiko lao la makaa, ukaungua na kutoa harufu ya plastiki. Wanaume watatu wakabaki mikono mitupu, wameikunja ajabu, kama watu wanaobeba mtoto asiyeonekana. Alilisugua shuka kwa kiganja, akaliangalia kwenye mwanga hafifu wa chumba chao. Hapakuwa na kitu. Alilikunja, akalipeleka Muhumba.

Siku ya ufunguzi walifika baada ya sala ya alasiri, yeye na Kassim. Salon ya Larissa, ile sebule kubwa ya mbele, ilikuwa imejaa: wanafunzi, watu wa mashirika, wamama wa kanisa waliovaa vizuri. Sura za Zagabe zilitazama kutoka kila ukuta kwa macho ya vioo vya simu. Shuka la bluu lilitundikwa mbele ya dirisha kubwa la upande wa ziwa, Larissa akiwa ameacha nafasi kati ya shuka na dirisha ili mwanga upite na kuziamsha rangi za vitenge. Watu walisimama mbele yake, wakasema polepole, wakionyeshana: huyu na beseni, huyu na mbuzi.

Gari lilisimama nje. Maneno yakakatika chumbani hata kabla ya mlango kufunguka.

Aliingia mwanaume wa makamo, amevaa shati safi la kiraia, na vijana wawili wenye bunduki nyuma yake. Alisalimia kwa adabu. Alizunguka taratibu, mikono mgongoni. Alipofika kwenye shuka, akasimama.

"Nani alishona hii?"

Kassim alimshika Kulthumu mkono, lakini tayari watu wote walikuwa wamemtazama.

"Ni mimi, papa," alisema.

"Hawa watu wanaenda wapi?"

"Banatembea tu, papa."

Akaendelea kutazama. Na wakati huo, nje, wingu lililokuwa juu ya ziwa likasogea. Jua la jioni likaingia dirishani moja kwa moja.

Kulthumu ndiye aliyeona kwanza. Pembeni kulia, kwenye mikono ya yule mwanaume wa kwanza, nukta za mwanga zilitokea, ndogo kama chembe za chumvi. Zikaongezeka. Kikatokea kitako, kikatokea mtutu. Uzi alikuwa ameutoa, lakini matundu ya ile sindano ya magunia yalikuwa yamebaki, moja baada ya lingine, na sasa jua lilikuwa likipita ndani yake. Bunduki ya kwanza iliwaka nzima. Ya pili ilianza.

Alitaka kukimbia, lakini miguu ilimpeleka kule kule alikokuogopa: aliingia nyuma ya shuka, akaanza kuvuta mbao za dirisha. Upande mmoja ulifunga. Wa pili, komeo lilikuwa limeshika kutu.

"Mama, unafunga kwa nini?"

"Jua iko nakula rangi, papa. Kitenge haipendi jua."

Akasikia viatu vinakuja. Yule mwanaume aliingia naye nyuma ya shuka, na kwa muda mfupi wakawa wawili tu pale, wameachana kwa shibiri chache, mwanga ukiwa begani kwake. Kulthumu hakuweza hata kukumbuka dua. Mwanaume alinyoosha mkono, akalipiga komeo kwa kiganja, likaingia. Salon ikawa na giza.

Walipotoka mbele, mwanaume aliliangalia shuka tena. Matundu yalikuwa yamezimika.

"Hawa watatu," alisema, "wamebeba nini?"



"Nilikuwa nataka kubapatia vitu ya kubeba," Kulthumu alijibu. "Kitambaa iliisha."

Yule mwanaume alimtazama usoni.

"Utafute ingine," alisema. Akaaga, wakatoka. Gari likaondoka.

Kulthumu alikaa sakafuni. Larissa alimletea maji, akauliza kuna nini na dirisha. Kulthumu alilinyooshea kidole. Larissa akazifungua mbao.

Bunduki tatu ziliwaka mbele ya watu wote. Mama mmoja wa kanisa alijifunika mdomo. Mtu akaenda kufunga geti la nje, bila kuambiwa, akarudi. Walisimama hivyo hadi jua lilipozama na shuka likawa shuka. Kassim alikuwa analia. Kulthumu hakulia, alikuwa anasikiliza kama kuna gari barabarani.

Jioni ile ile Larissa alilishusha shuka na kulificha ndani ya godoro. Kulthumu alikwenda kukaa kwa dada yake, Nafisa, ng'ambo ya pili ya mji, na kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya ainuke. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Baadaye maonyesho makubwa ya Lubumbashi yaliomba kazi kutoka Kivu. Larissa aliuliza kama anaweza kulipeleka shuka huko, na kama bunduki zirudishiwe uzi.

"Uache vile iko," Kulthumu alisema. "Na jina yangu usiandike."

Larissa alisafiri nalo. Huko Lubumbashi walilitundika mbele ya dirisha, na mchana mmoja akapiga simu kumwambia kwamba watu wanapanga mstari kulisubiri jua. Kulthumu, ambaye wakati huo alikuwa amesharudi Cimpunda kwenye cherehani yake, alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akauliza kama wanalikunja vizuri.

"Maman, mbona unasema chini chini?" Larissa akauliza. "Beko batu hapo?"

Kulthumu akatazama chumba. Alikuwa peke yake. Hakuwa amejua kwamba ananong'ona.