Shali ya Njano Mnadani

Jumapili ya mavuno, uwanja wa kanisa letu Mkuza hugeuka soko. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa husimama nje na kunadi sadaka tulizoleta: mihogo, mayai, majogoo waliofungwa miguu. Mimi huupenda mnada ule kuliko mahubiri, Mungu anisamehe. Mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi saba, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikitaniana na wenzangu, mpaka mzee alipoinua shali ya njano ya kichanga.

Ilikuwa ya mwanetu wa kwanza. Alifia ndani yake nikiwa nimempakata kwenye pikipiki, nyuma ya mume wangu, tukimkimbiza hospitali Kisarawe kutoka kwa wakwe zangu kijiji cha Masaki, hukohuko wilayani. Tangu tumzike hatukuwahi kukizungumza kifo chake. Mume wangu aliniambia mara moja tu kwamba tumwachie Mungu, akatoka kwenda kuosha pikipiki. Nilimchukia kwa utulivu ule, tena nilimwogopa. Mtu asiyemlilia mtoto wake, wa pili atamlindaje? Nilishaamua moyoni: huyu wa tumboni akizaliwa salama, naondoka naye kwa mama yangu, sirudi.

Shali niliificha sandukuni, nikidhani mume wangu hajui ilipo.

Mzee aliinadi akiusifia ulaini wake. Mama mmoja wa kwaya alipandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza, na kwa kuwa kwetu mtu hununua kisha akamtuza mwingine, alinijia akicheza, vigelegele nyuma yake, akanitandikia shali juu ya tumbo.

"Pokea, mwanangu. Ya mtoto hiyo."

Niliona kifo kimeletwa tumboni kwangu na watu wanakishangilia. Nikashukuru, maana adabu ni adabu.

Tulirudi nyumbani, mimi na mume wangu. Mlangoni nikamuuliza, "Baba, kwa nini umeitoa?"

Alichomeka ufunguo kwenye kufuli, akauacha hapo.

"Kila ukitoka naifungua sandukuni naiangalia," alisema. "Tumbo linavyokua, hofu inazidi. Nikaona bora nimpe Mungu, labda huyu atatuachia."

"Mimi nilidhani wewe huogopi kitu."

"Siku ile alikuwa katikati yetu, anahema mgongoni kwangu. Tulipofika Kibuta nikahisi ameacha. Nikaongeza mwendo ili wewe usijue, mke wangu."

Mimi nami nilijua palepale Kibuta, na nilimfunika mtoto uso ili yeye asijue. Nilipomwambia hivyo, alikaa chini kizingitini na suti yake ya Jumapili, nikamsikia akilia kwa mara ya kwanza. Nikakaa pembeni yake.